Maswali na Majibu: Jukwaa la Meza Barabarani na Mfereji wa Maji ya Mvua

SWALI: Ndugu Msanifu, nina mgahawa Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, upande wa bandarini. Mbele yangu kuna njia ya waenda kwa miguu yenye upana wa takriban mita 4, kisha maegesho mawili ya magari. Nataka kuweka nje viti 24. Fundi ananishauri nimwage zege juu ya maegesho hayo na kuezeka kwa mabati ili kazi idumu. Je, ushauri huu ni sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, hapana, na sababu kubwa iko chini ya miguu ya wateja wako. Maji ya mvua ya barabara hukusanyika kando ya ukingo wa njia ya waenda kwa miguu na kutiririka kuelekea kwenye matundu ya mfereji. Ukimwaga zege hapo, masika ya kwanza yatayasukuma maji hayo katikati ya barabara au ndani ya duka la jirani, na utakayeulizwa ni wewe. Zaidi ya hayo, barabara si mali yako. Kitu cha kudumu juu yake hakiwezi kukubaliwa kwa urahisi kama kitu kinachoondoleka.

Kwa hiyo, badala ya zege, weka juu ya maegesho jukwaa la kuondoleka, na anza kusanifu kutoka mwisho, yaani namna litakavyong'olewa. Dar es Salaam hupata masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Msimu wako mzuri ni kuanzia Juni hadi Septemba, wakati wa kipupwe, na tena Januari na Februari. Mimi ningeliondoa jukwaa kabla ya katikati ya Machi na kulirudisha Juni. Wakati wa vuli laweza kubaki, mradi mfereji ulio chini yake usafishwe kila wiki.

Hapa ndipo vipimo vinapobana. Tuchukulie ukingo wako una kimo cha sentimita 15 kutoka kwenye mfereji, nawe unataka sakafu ya jukwaa ilingane nao ili mtu mwenye kiti cha magurudumu aingie bila kikwazo. Barabara huinamia ukingoni kwa takriban asilimia 2.5, katika upana wa mita 2.2, hiyo ni sentimita 5.5. Maana yake, upande wa nje unabakiwa na sentimita 9.5 tu za kuweka fremu na mbao. Boriti za mbao za kawaida hazitaenea. Tumia skwea paipu (mabomba ya chuma ya mraba) za milimita 50 zilizozamishwa katika zinki, kwa sababu hewa ya chumvi ya bandarini hula chuma kilichopakwa rangi peke yake, na juu yake weka mbao za mninga za milimita 25. Jumla ni sentimita 7.5, na zile 2 zinazobaki ni za miguu ya skrubu ya kusawazishia.

Paipu zilale sambamba na ukingo, kamwe zisiukatize mfereji, na ile ya kwanza ikae sentimita 30 kutoka ukingoni. Kwa njia hiyo maji, majani na chupa za plastiki vitapita bila kugonga kitu. Gawanya sakafu katika vipande vya mita 1.2 kwa 1.1, ambavyo kila kimoja kitakuwa na uzito wa kilo 30 hivi, kiasi ambacho watu wawili hukiinua bila winchi. Maji yakituama chini ya jukwaa, mbu watazaliana hapo, na jiji hili limekwisha kuugua dengi vya kutosha.

Kuhusu viti 24: maegesho mawili ya mita 6 yanakupa urefu wa mita 12, lakini acha mita 1.2 kila mwisho kwa ajili ya vizuizi vizito vya magari. Hapo zinaenea meza sita za watu wawili. Meza nyingine sita zipange kando ya ukuta wako, ikiwa mbele ya mgahawa ina urefu wa kutosha. Wapita njia watabakiwa na zaidi ya mita 3. Kwa kweli ningeanza na za ukutani pekee kwa msimu mmoja, kwa kuwa hazihitaji jukwaa lolote.

Paa la mabati liache. Mgahawa wako unatazama kaskazini-magharibi, hivyo kuanzia Juni jua la alasiri litaingia chini ya paa lolote utakaloweka. Kinachosaidia ni turubai wima la kuteremshwa, au kufungua meza za nje saa kumi na moja jioni. Ukitumia miavuli, chagua ya mita 2 kwa 2. Upepo wa kilomita 54 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 14, na mwavuli wa mita 3 kwa 3 waweza kuvutwa kwa kilo 125.

Kabla ya kumlipa fundi chochote, peleka mchoro Halmashauri ya Jiji na TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), ukiwa na mkato, yaani mchoro wa jukwaa kama limekatwa wima, unaoonyesha mfereji, mifuniko ya chemba za majitaka na mahali vipande vitakapohifadhiwa wakati wa masika.