Maswali ya Wasomaji: Shule za Chumba Kimoja za Mashambani Marekani

Safu hii inajibu barua kuhusu shule za mashambani za Marekani ambazo mwalimu mmoja alifundisha madarasa yote manane katika chumba kimoja. Maswali mengine tumeyafupisha.

SWALI: Karibu na shamba ninakofanya kazi hapa Iowa kuna kijumba cha mbao kwenye njia panda, na sasa kinahifadhi majani ya ng'ombe. Wazee wengine wanasema kilikuwa shule, wengine wanasema kanisa. Nitatambuaje, na nitajuaje ni cha miaka gani? (Msomaji, Iowa)

JIBU: Ondoa majani uangalie sakafu kwanza. Madawati ya miguu ya chuma yalifungwa kwa skrubu kwenye mbao za sakafu, na matundu yake hubaki. Ukikuta safu za matundu mawilimawili, zimebanana upande mmoja wa chumba na kuachana upande wa pili, umekwishapata jibu: madawati madogo ya wanaoanza mara nyingi yaliwekwa mbele, makubwa nyuma. Usipoona matundu usikate tamaa. Shule nyingine zilifunga madawati juu ya mbao ndefu ili yasogezwe ukutani siku ya mkutano au dansi.

Kisha tazama ukuta wa mbele. Tafuta alama za ubao na kibao chembamba cha kuwekea chaki chini yake. Mara nyingi kibao hicho kiko chini kiasi cha kumshangaza mtu mzima, kwa kuwa mtoto wa miaka sita alipaswa kukifikia. Milango miwili inayofanana upande wa mbele, mmoja wa wavulana na mwingine wa wasichana, ni dalili nzuri, ingawa si shule zote zilikuwa nayo.

Kuhusu umri, chomoa msumari mmoja kwenye fremu ya jengo au sakafu ya awali. Msumari bapa uliokatwa kwenye bamba unaelekea miaka ya kabla ya 1890. Ule wa mviringo uliotengenezwa kwa waya ni wa baadaye. Usichukue msumari wa paa, kwa sababu paa hubadilishwa mara kadhaa, na kumbuka pia kwamba wakulima walijengea mbao za zamani. Madirisha nayo yana habari. Jengo lenye madirisha matatu matatu kwenye kuta zote mbili ndefu limefuata mtindo wa karne ya 19. Likiwa na madirisha mengi yaliyopangwa pamoja upande mmoja, na upande wa pili ukuta mtupu, basi lilijengwa au kurekebishwa baada ya mwaka 1910 hivi, wakaguzi walipoanza kudai mwanga uingie kutoka kushoto kwa mwanafunzi. Mwanga wa kulia humtupia kivuli cha mkono wake mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia, na mwanga wa pande mbili huumiza macho. Kagua mbao za nje: mahali palipozibwa dirisha pataonekana.

Picha maarufu ya shule ndogo nyekundu isikupotoshe. Shule nyingi zilipakwa nyeupe, na nyingine hazikupakwa rangi kabisa.

Ukitaka uhakika, nenda kwenye ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti uombe hati ya kiwanja. Hati nyingi za namna hii zina kifungu kinachosema ardhi itamrudia mwenye shamba pale itakapoacha kutumika kwa shule. Ndiyo sababu majengo mengi yaliishia kuwa ghala la jirani.

SWALI: Nimesoma kwamba sheria ya Marekani ilitenga kipande namba 16 cha ardhi kwa ajili ya shule. Je, shule zote zilijengwa kwenye kipande hicho? (Mwanafunzi wa historia, Morogoro)

JIBU: Hapana. Sheria ya ardhi ya mwaka 1785 iligawa maeneo mapya katika miraba ya maili 6 kwa 6, na kila mraba ukakatwa vipande 36 vya ekari 640. Kipande namba 16, kilicho karibu na katikati, kilitengwa kwa ajili ya kuendesha shule za umma. Maana yake ilikuwa fedha: kipande kikodishwe au kiuzwe, mapato yasaidie shule. Ohio, iliyotangulia kujaribu utaratibu huu, ilipoteza thamani kubwa kwa kukodisha na kuuza kwa bei ya chini. Kuanzia Oregon mwaka 1848 kipande namba 36 kiliongezwa, na majimbo makavu ya Utah, Arizona na New Mexico yalipewa vipande vinne kwa kila mraba, kwa kuwa ardhi yake ilikuwa na thamani ndogo.

Mahali pa kujenga paliamuliwa na miguu ya mtoto. Ikiwa hatarajiwi kutembea zaidi ya maili 2 hivi, shule moja katikati ya mraba wa maili 6 haitoshi. Gawa mraba huo katika wilaya za shule za maili 2 kwa 2, utapata shule tisa. Kila wilaya ilichagua bodi yake, mara nyingi wakulima watatu, na bodi hiyo ndiyo iliyotoza kodi, kununua kuni na kumwajiri mwalimu. Uzuri na ubaya wa shule hizi vyote vilitoka hapo. Wazazi waliijua shule kwa undani na waliilinda, lakini wilaya yenye mashamba kumi maskini ilikuwa na mfuko wa mashamba kumi maskini. Mwalimu, mara nyingi msichana asiyefikia miaka 20, alilipwa kidogo na katika sehemu nyingi alilala kwa zamu katika nyumba za wazazi.

SWALI: Ninafundisha shule shikizi yenye madarasa manne na tuko walimu wawili tu. Walimu wale wa Marekani waliwezaje madarasa manane peke yao? Naomba utaratibu, si sifa. (Mwalimu, Dodoma)

JIBU: Mwalimu, hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Siku ilianza saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, ikiwa na saa moja ya chakula na mapumziko mawili ya dakika 15. Zinabaki dakika 330. Madarasa manane yenye masomo sita kila moja yanadai vipindi 48, yaani chini ya dakika 7 kwa kipindi, kabla hujahesabu muda wa watoto kusogea. Haiwezekani. Waliojaribu walimaliza siku wakiwa wamekimbia huku na huko na hakuna mtoto aliyefundishwa.

Njia ya kwanza ilikuwa kuunganisha madarasa kwa zamu ya miaka. Darasa la saba na la nane walikaa pamoja: mwaka huu wote wanasoma historia, mwakani wote jiografia. Aliyekuwa la saba mwaka huu atamaliza la nane akiwa amepitia yote mawili, ila kwa mpangilio tofauti na mwenzake. La tano na la sita hivyo hivyo. Zamu hii hufaa kwa masomo ambayo mada moja haitegemei sana nyingine. Hesabu haikubali. Mtoto asiyejua kugawanya hawezi kurukishwa kwenye sehemu eti mwaka huu ni zamu ya sehemu, kwa hiyo hesabu iliachwa kila darasa na ngazi yake. Kasoro nyingine ilimpata mtoto aliyehamia shule ambayo zamu yake ilikuwa tofauti: alirudia alichokisoma na kukikosa asichokisoma. Wakaguzi wa kaunti walijaribu kuziba pengo hili kwa kuzitaka shule zote zifuate zamu moja kila mwaka.

Njia ya pili ilikuwa benchi la mbele. Mwalimu hakuwafuata watoto. Kundi moja liliitwa kwenye benchi, likasimama au kukaa, likajibishwa kwa dakika 10 au 12, likapewa kazi, likarudi. Amri zilikuwa tatu tu, geukeni, simameni, njooni, ili kusogea kusile muda wa somo. Kwa kuunganisha na kwa benchi, vipindi vilishuka hadi kati ya 20 na 30 kwa siku.

Jambo ambalo ningekuomba ulishike zaidi ni mgawanyo wa dakika. Haukuwa sawa kwa kila darasa, na haukupaswa kuwa sawa. Darasa la kwanza waliitwa mara nyingi kwa vipindi vifupi, hata mara nne kwa siku, kwa sababu hawajui kusoma na hawana namna ya kujifunza bila mwalimu. Wakubwa waliitwa mara chache kwa muda mrefu kidogo. Shule zilizoharibika zilifanya kinyume: mwalimu alivutwa na wakubwa wanaokaribia mtihani, wadogo wakakaa saa nzima na vibao vyao wakichora mistari. Kazi ya kimya ya wadogo lazima iandaliwe kabla ya kengele, na iwe ya aina ambayo mtoto mwenyewe anaweza kuona kama amekosea, kama vile kupanga herufi zilizokatwa kwenye karatasi zifanane na neno lililo ubaoni.

Wakubwa waliwasikiliza wadogo wakisoma. Hilo lilisaidia pande zote mbili, mradi mkubwa huyo asigeuzwe mwalimu msaidizi wa kudumu na kukosa masomo yake.

SWALI: Picha nyingi zinaonyesha jiko la chuma katikati ya chumba. Lilitosha kweli kwa baridi ile? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Halikutosha. Jiko la wazi huchoma aliye karibu na kumwacha aliye ukutani akitetemeka, kwa kuwa joto lake husafiri moja kwa moja na hewa ya chumba haizunguki. Wino uliganda kwenye vichupa. Mwalimu alifika mapema kuwasha moto kwa kuni au makaa ya mawe, na kwenye nyanda zisizo na miti kwa magunzi ya mahindi au nyasi zilizosokotwa. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ulienea mtindo mwingine: jiko likahamishiwa pembeni na kuzungushiwa koti la bati lenye nafasi kati yake na jiko. Hewa safi iliingia kwa bomba kutoka nje chini ya jiko, ikapata moto ndani ya koti, ikapanda hadi darini na kusambaa, na hewa chafu ikatolewa na tundu lililo karibu na sakafu kuelekea dohani. Watu wengi waliweka tundu hilo juu, wakidhani hewa chafu lazima ipande. Matokeo yake ni kwamba joto lote lilitoka humo.

Maji yalikuwa ndoo moja na kata moja kwa watoto wote, na homa zilipita humo. Mwaka 1909 Kansas ilipiga marufuku kikombe cha pamoja kwenye treni na sehemu za umma, shule zikiwamo, kwa juhudi za daktari Samuel Crumbine, na majimbo mengine yakafuata.

Hatari kubwa kuliko zote ilikuwa njia ya kurudi nyumbani. Tarehe 12 Januari 1888 dhoruba ya theluji ilizikumba Nebraska na Dakota ghafla, baada ya asubuhi yenye joto lisilo la kawaida, watoto wengi wakiwa wametoka bila makoti mazito. Idadi inayotajwa sana ni vifo 235. Huko Nebraska, katika bonde la Mira, mwalimu Minnie Freeman aliwatoa wanafunzi wake baada ya upepo kung'oa paa la shule yao iliyojengwa kwa mabonge ya udongo wenye mizizi ya nyasi, akawafikisha wote salama kwenye nyumba ya jirani.

SWALI: Je, ni kweli kwamba chuo cha zamani cha Jeanes hapa Kabete kina uhusiano na shule za vijijini za Wamarekani weusi? (Msomaji, Kabete)

JIBU: Kweli kabisa. Mwaka 1907 Anna T. Jeanes wa Philadelphia alitoa dola milioni 1 kwa ajili ya shule za vijijini za weusi katika majimbo ya kusini. Mwaka uliofuata Virginia Randolph, mwalimu wa shule ya chumba kimoja katika kaunti ya Henrico, Virginia, akawa mwalimu wa kwanza wa mpango huo: aliacha kukaa shule moja, akawa anazungukia shule za kaunti akiwasaidia walimu wenzake. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, mfuko wa elimu wa Marekani, ambayo James Aggrey wa Gold Coast (sasa Ghana) alikuwa mjumbe wake, ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza mfano huo. Chuo cha Kabete kikafunguliwa mwaka 1925 kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, kuandaa walimu wa kuzungukia shule ndogo za vijijini. Walimu walikuja na wake zao, nao wakafundishwa.

Wazazi wengi wa Kiafrika hawakukipokea kwa moyo mweupe, na walikuwa na sababu. Serikali ya kikoloni ilipenda mfano huo kwa kuwa uliweka mkazo kwenye kilimo na usafi, wakati wazazi walitaka watoto wao wafike mbali kimasomo.

Kule kusini mwa Marekani weusi walikuwa wamejijengea wenyewe kwa kiasi kikubwa. Kati ya 1912 na 1932, katika mpango ulioasisiwa na mwalimu mweusi Booker T. Washington na mfanyabiashara tajiri Julius Rosenwald, zilijengwa karibu shule 5,000 katika majimbo 15, nyingi zikiwa za mwalimu mmoja au wawili. Mfuko wa Rosenwald ulitoa takriban dola milioni 4.3. Wanakijiji weusi, ambao tayari walikuwa wakilipa kodi, walichanga takriban milioni 4.7. Ramani za majengo hayo zilitofautiana kulingana na upande ambao jengo lingeelekea, ili madirisha yapate jua la mashariki na magharibi, kwani umeme haukuwapo.

SWALI: Ziliisha lini, na bado zipo? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Ziliisha kwa barabara. Massachusetts iliruhusu fedha za umma zilipie usafiri wa wanafunzi tangu 1869, lakini ni basi la injini na barabara isiyo na tope vilivyowezesha kukusanya watoto wa wilaya tisa kwenye jengo moja. Mwaka 1930 shule za mwalimu mmoja zilikuwa 149,282. Mwaka 1950 zilibaki 59,652, mwaka 1960 zikawa 20,213, na mwaka 1970 zilikuwa 1,815. Wilaya nyingi zilipinga, kwa sababu jengo hilo hilo lilikuwa kituo cha kura, ukumbi wa mikutano na mara nyingine kanisa. Rais Lyndon Johnson alisoma katika shule ya namna hii huko Texas, na tarehe 11 Aprili 1965 alirudi hapo kutia saini sheria kubwa ya elimu, mwalimu wake wa kwanza, Kate Deadrich Loney, akiwa ameketi kando yake.

Zipo bado. Montana ina kadhaa za umma, na kisiwa cha Monhegan huko Maine kina yake. Nyingi zaidi ni za Waamishi, Wakristo wanaoishi kwa desturi za zamani, ambao Mahakama Kuu ya Marekani iliwaruhusu mwaka 1972 kuwaachisha watoto wao shule baada ya darasa la nane.