Wadogo Zangu, Swichi Haiungwi Dairekti

Nimepokea tena sabufa iliyopitia mikononi mwa kijana wetu mmoja. Swichi imeng'olewa, waya mbili zimesokotwa na kuzungushiwa seloteepu, ile ya kufungia zawadi. Mwenyewe akitaka kuizima anachomoa plagi. Nikamuuliza kijana, akajibu: "Bro, swichi ilikufa, nikaunga dairekti." Jibu hili nalisikia tangu enzi za TV za kichogo. Kaeni chini basi.

1. Pima. Plagi imechomolewa, mita ya kupimia umeme iko kwenye mlio, bonyeza swichi huku unaitikisa. Ikilia kwa kukatikakatika, imekwisha. "Nimeiangalia, inaonekana nzima" si kipimo.

2. Uliza imeuawa na nini. Kila unapowasha, kapasita kubwa ya pawa saplai, ile inayohifadhi chaji, iko tupu, inavuta umeme kwa mkupuo, cheche zinaruka ndani ya swichi hadi shaba inaungua. Huo ni uzee, badilisha. Lakini fyuzi ikiwa imekufa pamoja nayo, usibandike kitu kabla hujapima dayodi za briji, zile zinazonyoosha umeme wa ukutani kuwa DC, na transista ya pawa, ile inayobeba mzigo mkubwa. Swichi mpya utaiua bure.

3. Hesabu miguu. Swichi nyingi za kubonyeza na kunasa zina minne, kwa sababu zinakata laini (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudi) kwa pamoja. Ni swichi mbili ndani ya boksi moja. Najua mnajua. Hata mimi nilijua.

Nilikuwa nimeanza kuitwa fundi, na jina lilikuwa limenipanda kichwani. Mama mmoja wa mtaani ana kitchen party jioni, amplifaya yake ukibonyeza swichi inarudi. Amekuwa akiikandamiza kwa kijiti cha kiberiti, sasa kijiti kimekataa. Nikaenda na begi. Mita niliiacha kibandani, betri yake imekwisha na nilikuwa "nitanunua kesho". Nikafungua, nikaiona ile miguu minne kwenye bodi, nikawaambia kina mama wanaopamba kuwa hii ni kazi ya dakika moja. Nikang'oa swichi. Nikachukua kipande cha waya, nikaunga mguu wa kushoto na wa kulia, solda safi inang'aa, hata leo ningeisifia.

Sasa, kwenye bodi ile waya wa ukutani uliingilia nyuma, mmoja kushoto mwingine kulia. Wa kwenda kwenye transfoma ulitokea mbele. Nilipaswa kuunga nyuma na mbele. Mimi nilichukua laini nikaikabidhi nyutro mkono kwa mkono. Fyuzi niliyoitegemea ilikaa baada ya swichi, kwa hiyo haikujua lolote. Plagi nayo ilikuwa ile ya miguu miwili isiyo na fyuzi, nikaisukuma soketini kwa kuchokonoa tundu la juu na kalamu, uchafu ambao bado nawaona mkiufanya.

Paa! Njia ya shaba ikabanduka kwenye bodi, breka ikaanguka, nyumba giza, friji lenye soda za wageni likanyamaza. Mama wa watu hakunigombeza. Alinitazama tu akasema, "Mwanangu, basi nirudishie kama ilivyokuwa." Hilo ndilo nisiloliweza. Swichi ilikuwa vipande, na kile kijiti cha kiberiti sikukiona tena. Breka tuliipandisha, lakini shughuli ilichezwa kwa simu iliyotumbukizwa kwenye sufuria ili isikike, na mimi nikatokea mlango wa uani nimebeba amplifaya kama mwizi.

Mita ingenionyesha jozi: miguu inayolia swichi ikinasa na kunyamaza ikiachia. Na taa ya siriz, balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 iliyoungwa mfululizo na soketi ya majaribio, ingewaka tu kwa nguvu kunijulisha kuna shoti. Nilikuwa nayo, kibandani, pembeni ya mita.

4. Kapasita. Volti 230 za ukutani zikishanyooshwa kuwa DC zinafika kama 325, na zinaweza kubaki humo hata plagi ikiwa mkononi mwako. Toa chaji kwa rezista (kipingamizi cha umeme) ya kilo-omu 1 au 2, wati 5. Si kwa bisibisi, na wewe unayecheka unajijua.

5. Vibonyezo vidogo vya TV flati. Mteja atakuja na habari za jini: TV inajiongeza sauti, inajizima. Mara nyingi kibonyezo kimeingia unyevu, kinavuja. Vingi vinatumia waya mmoja, kila kimoja na rezista yake, kwa hiyo cha pawa kikivuja bodi inaweza kukisoma kama cha sauti. Chomoa soketi ya vibonyezo hivyo kwenye bodi kuu, washa kwa rimoti. Ikitulia, umempata jini. Hapa pia kuna miguu minne, ila imeshikana miwili miwili. Ukikibandika kimegeuka robo mzunguko, kinakuwa kimebonyezwa muda wote. Yule yule wa seloteepu alikibandika hivyo, TV ikagoma, akamwambia mteja anunue bodi kuu. Iko mezani kwangu. Sijaigusa, ataifungua mwenyewe kesho asubuhi, na nimeshamwambia aje na mita yenye betri.