Menyu ya mfumo wa wateja, kushoto au juu?

Swali hili naulizwa sana, yaani orodha ya sehemu za programu ya ofisi inayoweka habari za wateja ikae wapi kwenye skrini, na jawabu yangu ni kushoto, maneno yaonekane. Lakini kabla hujachora chochote nenda kakae nyuma ya mtu anaeutumia huo mfumo, umuangalie tu usimsemeshe.

Kazi zangu nyingi ni za ofisi za kutembeza wageni hapa Mji Mkongwe. Mwezi wa nane wageni wameshajaa, dada wa mapokezi ana simu sikioni, huku WhatsApp mtu anauliza boti ya Changuu kesho ina nafasi, na mwengine kasimama mbele yake anasema keshalipa. Huyu hana muda wa kukumbuka malipo yamefichwa wapi, anataka aandike jina, mgeni atokee, na buking zake na malipo yake na mazungumzo yote yawe hapohapo. Kwa hiyo kisanduku cha kutafutia kiwepo juu kila ukurasa, mie hicho nakianza kabla ya menyu yenyewe.

Sasa kwanini kushoto. Maneno yetu marefu, ukiweka "Wanaosubiri jibu" juu pamoja na wenzake sita mstari umejaa, unaanza kuvisukumia vyengine ndani ya "Zaidi", na kilichoingia humo ndo kishasahauliwa. Kushoto unaongeza kwa chini tu. Juu panafaa kama sehemu ni chache na hazitoongezeka.

Vile vistari vitatu vya kubonyeza ndo menyu ifunguke, vipo tangu kompyuta ya Xerox Star ya 1981, kwenye kompyuta ya ofisini viacheni jamani. Nielsen Norman Group, watafiti wa namna watu wanavyotumia tovuti na programu, walipima mwaka 2016 wakakuta kwenye kompyuta menyu ilofichwa hutumika karibu nusu tu ya ilo wazi. Skrini kubwa ipo, unaficha ya nini? Simu ndo tofauti, weka vitufe chini dole gumba lifike, Google kwenye Material Design, mwongozo wao wa kuchora programu, wanasema vitatu mpaka vitano. Kijana anaepokea wageni bandarini Malindi anataka orodha ya leo na namba za simu, basi.

Majina ya sehemu waulize wenyewe. Andika kila sehemu kwenye kikaratasi chake, wape wavipange mafungu. Mapokezi wataweka malipo chini ya mgeni, mhasibu atayataka peke yake, na wote wana haki, weka njia zote mbili.