Ritifaa ya Ng'ang'a

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: ni kitu gani kidogo kabisa katika teknolojia kinachowasumbua Wanairobi kupita kimo chake? Kwa mtu wa kutengeneza tovuti jibu haliko mbali. Ni ritifaa, kile kialama kinachoning'inia kwenye Ng'ang'a, Nyong'o na Lang'ata.

Fomu nyingi za mtandaoni huandikwa kana kwamba mji mzima unaitwa Kamau na Otieno. Ukaguzi wa jina unaruhusu herufi A hadi Z na nafasi, basi. Ng'ang'a akibonyeza kitufe cha kutuma, anaambiwa kwa maandishi mekundu aweke "jina sahihi", ilhali ndilo lililo kwenye kitambulisho chake.

Mara nyingi katazo hilo ni woga tu. SQL, lugha ya hifadhidata, hufungua na kufunga maneno kwa alama hiyohiyo. Mprogramu akilipachika jina moja kwa moja ndani ya amri, hifadhidata inasoma 'Ng', inadhani neno limekwisha, kisha inakutana na ang isiyoijua na kugoma. Mvivu huamua kupiga marufuku ritifaa kwenye fomu. Lakini pengo lililomkwaza Ng'ang'a ndilo mwizi analopitia kuingiza amri zake mwenyewe, na mwizi hana haja ya kupitia fomu yako. Dawa ni kuandika amri ikiwa na alama ya kuuliza mahali pa jina, halafu jina lipelekwe kando. PHP, Python na lugha nyingine za kuandikia programu zina njia hiyo.

Makosa mengine yanajitambulisha yenyewe ukiyaona. Ng\'ang\'a ni masalio ya PHP ya zamani, iliyokuwa ikijipachikia mkwaju wa kinyume mbele ya kila ritifaa. Tabia hiyo iliondolewa katika toleo la 5.4, mwaka 2012, ila rekodi za enzi hizo bado zipo. Ng'ang'a maana yake jina lilihifadhiwa likiwa tayari limegeuzwa kuwa msimbo wa HTML, lugha ya kurasa za wavuti. Lihifadhiwe lilivyo, na ligeuzwe mara moja tu, linapoonyeshwa ukurasani. Na yule Ng'Ang'A mwenye herufi kubwa tatu ni mtoto wa Python: amri yake title() inaamini kwamba ritifaa huanzisha neno jipya.

Shida kubwa zaidi ni kwamba ritifaa zenyewe ni mbili. Ya kibodi ya kompyuta husimama wima (') na katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, ni U+0027. iPhone na Word hupenda kuipindisha (’), ikawa U+2019. Kwa jicho ni ndugu, kwa kompyuta hawajuani. Ndiyo maana mteja aliyejisajili kwa simu anaweza kutafutwa kwenye kompyuta ya ofisi asipatikane, akafunguliwa akaunti ya pili, kisha mtu akaanza kulaumu "system". Kuna hata wanaoandika ` kwa sababu ndiyo waliyoiona kwanza kwenye kibodi.

Duka linalopeleka mizigo nalo hupata lake: orodha yake ya mitaa ina Langata, mteja anaandika Lang'ata, mtambo unajibu kwamba haufiki huko. Suluhisho ni safu ya pili kwenye hifadhidata, ya kutafutia tu: herufi zote ndogo, ritifaa za kila aina zimeondolewa. Jina la kuonyesha liachwe jinsi mwenyewe alivyoliandika. Ni kweli ng'oa na ngoa zitachanganyika, lakini kwenye orodha ya mitaa nani ataumia?

Kwenye SMS ndiko ritifaa inakogusa mfuko. Ujumbe ulioandikwa kwa orodha fupi ya herufi za simu, GSM-7, hubeba herufi 160. Ritifaa wima imo katika orodha hiyo, iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote unahamishiwa mfumo mwingine wenye nafasi ya herufi 70, na ukigawanywa kila kipande kinabaki na 67, kwa kuwa nafasi nyingine inatumika kuviunganisha. Kwa hiyo tangazo la herufi 150 lililokuwa SMS moja linakuwa tatu. Shule yenye wazazi 400 inalipia SMS 1,200 badala ya 400. Emoji, alama za kunukuu zilizopinda na vistari virefu vya Word hufanya vivyo hivyo, na pia ĩ na ũ za Kikuyu, ambazo mimi ningezilipia tu kuliko kuharibu lugha ya watu.

Kuna ya ujanja zaidi: ujumbe wenyewe ni safi, lakini mtambo unajaza jina la kila mtoto, na majina machache yana ritifaa iliyopinda. Hao tu ndio wanaohesabiwa mara tatu, na bili haielezeki. Anayetuma atazame kihesabio kilicho chini ya kisanduku: kikionyesha 70 badala ya 160, afute kila ritifaa na kila alama ya kunukuu, aziandike upya papo hapo kwa kibodi ya kompyuta. Mwenye iPhone aingie Settings, General, Keyboard, azime Smart Punctuation.

Mprogramu naye, kabla ya kukabidhi kazi, amsajili Ng'ang'a Wang'ombe wa Lang'ata kwa iPhone, amtafute kwa kompyuta, amtumie SMS, kisha apakue orodha ya CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, na kuifungua kwa Excel. Akikuta Ngâ€™angâ€™a, data haijaharibika: Excel imesoma UTF-8, namna ya kuhifadhi herufi za Unicode, ikidhani ni Windows-1252, namna ya zamani ya Windows. Baiti tatu za kuitambulisha UTF-8, EF BB BF, mwanzoni mwa faili zinatosha kuinyoosha.