Lupango moja, nyumba ngapi?

SWALI: Jambo kwenu wa gazeti. Shemeji yangu anaishi Portland kule Marekani, aliniambia ku telefone asema jimbo lao lilikatalia miji kuzuia watu kujenga nyumba mbili tatu mu lupango (kiwanja) moja, ati ju bei ishuke. Ni kweli? Na gavana wetu anashindwa nini kufanya vile? Minapanga vyumba viwili, bayeri (mwenye nyumba) anaomba garanti, pesa ya kuweka mbele, ya miezi sita!
Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, shemeji hakukudanganya. Oregon walipitisha hiyo sheria 2019: mji wenye kupita watu 10,000 lazima ukubali nyumba ya familia mbili popote wanapokubali ya familia moja, na kwenye miji ya kupita 25,000 pamoja na Portland inafika mpaka familia nne. California wakafuata 2021.

Kule ni mji wenyewe unaandika kwamba mtaa huu ni nyumba moja tu kila lupango, na lupango isiwe ndogo, hakuna mahali wameandika maskini asiingie lakini piga hesabu utaona nani anabaki inje. (Wazee wetu wanakumbuka zone neutre ya Elisabethville, njo Lubumbashi ya zamani: ukanda wa wazi wakoloni waliacha kutenga mitaa ya wazungu na ya weusi, ile angalau haikujificha.) Sasa wenye kupiga kura mu mji ni wale wenye nyumba tayari, meya gani atawaudhi? Njo maana jimbo linaingia toka juu. Massachusetts walianza tangu 1969: kama mu mji nyumba za bei nafuu hazifiki 10 kwa 100, mwenye kujenga akiweka fungu lake la bei nafuu na mji ukamkatalia, anaweza kupeleka mashtaka ku kamati ya jimbo.

Lakini ruhusa haijengi nyumba. Kule California ukitaka kukata lupango mbili unaweka sahihi kwamba wewe mwenyewe utakaa pale miaka 3, na simenti unanunua na makuta yako, basi waliotumia hiyo sheria si wengi.

Na huku kwetu mama, nani alishakataza watu kujenga anexi, nyumba ndogo ya nyuma? Katuba mwenye lupango anakaa mbele, wapangaji wanajipanga nyuma, robine (bomba la maji) moja, choo kimoja, wote wanangojea kurà (umeme) irudi. Gavana hana fundo la kufungua pale, aulizwe maji.

Garanti sasa, hapo sheria iko tayari, ya taifa nzima, ya tarehe 31 Desemba 2015: nyumba ya kulala garanti haipite miezi 3. Bayeri wako anajua sana, anajua pia kwamba nyuma yako kuna wengine wanatafuta chumba. Omba kontra ya maandishi, akikataa mwende wote ku komini, serevisi ya abita (ofisi ya mambo ya nyumba), wao njo wanapatanisha kabla ya tribinali. Na usitoe hata franka moja bila risiti.