Maswali na Majibu: Kinga za magoti na viwiko kwa wanaoteremka na skeiti

Nina kinga za magoti nilizochezea voliboli shuleni. Je, zitanifaa kuteremkia mlima? (Kasarani)

Hapana, kaka. Hizo ni sponji ndani ya kitambaa, na zilikusudiwa sakafu laini ya ukumbi. Ukianguka kwenye lami kitambaa hung'ang'ania barabara. Goti linakwama, mwili unaendelea na safari, na kinachopindika hapo ni mguu wako. Unahitaji gamba gumu la plastiki lenye kazi mbili: kulitawanya pigo lisiishie kwenye pia ya goti, na kukuacha uteleze mpaka mwendo uishe wenyewe. Kumbuka kwamba ukitoka kilomita 20 kwa saa ukafika 40, nguvu unayoanguka nayo haiongezeki maradufu, bali mara nne.

Na kabla hujaniuliza, zile za mafundi wa vigae zinazouzwa hadiweani pia uziache. Zimeundwa kwa mtu anayepiga magoti mahali pamoja siku nzima. Ukianguka kwa kasi zitashuka hadi kwenye kifundo cha mguu.

Nimeshanunua kinga mara mbili na zote zimechanika upesi. Nitazame nini dukani? (Ongata Rongai)

Usianze na unene, ingawa wauzaji wengi hupenda kukufinyia sponji wakuonyeshe ilivyo nene. Igeuze kinga uangalie nyuzi. Gamba ndilo linalopaswa kugusa lami, si mshono. Kama mshono unaolishika gamba umetokeza juu, mtelezo wa kwanza utausaga na gamba litaanza kuning'inia. Ribiti nazo ni hivyo hivyo: ziwe pembeni au zizame ndani ya plastiki, zisiwe kileleni mwa gamba.

Kisha tazama mikanda. Ivute kwa nguvu huku ukiangalia pale iliposhonewa. Mshono mmoja ulionyooka ni dalili mbaya. Unataka uliorudiwa, au wenye alama ya msalaba ndani ya mraba. Velkro iwe pana. Kinga nyingi huanza kufia kwenye velkro, na ikishaacha kushika, gamba zuri lililobaki halina faida.

Sponji ibonyeze kwa kidole gumba. Ukilifikia gamba bila taabu, goti nalo litalifikia. Nzuri hukataa kidogo, kisha hurudi polepole.

Jambo la mwisho ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Uliza kama gamba linabadilishwa. Anayeteremka husaga plastiki, hakuna ujanja. Kampuni kama 187 Killer Pads na Smith Scabs zina kinga ambazo gamba lake hutoka na jipya huuzwa peke yake. Bei ya kwanza inauma, lakini ukishanunua za bei ya chini mara tatu utakuwa umeipita. Kama hizo hazipatikani, nunua yoyote ambayo fundi viatu wa mtaani kwako anaweza kuipitisha sindano. Iliyobandikwa kwa gundi peke yake hatakuwa na la kuifanyia.

Kinga za pikipiki zimejaa Kirinyaga Road. Kwa nini nisivae hizo? (Ngara)

Unaweza, na kwa pigo la moja kwa moja baadhi yake ni imara kweli. Tafuta zenye alama ya EN 1621-1, kipimo cha Ulaya cha kinga za viungo vya waendesha pikipiki. Daraja la 2 hupitisha nguvu ndogo kuliko la 1. Kipimo cha kinga za wanaotumia skeiti na viatu vya magurudumu ni EN 14120. Alama hizo hazipo? Basi huna hakika kama plastiki hiyo imewahi kupimwa.

Tatizo la za pikipiki ni kuchuchumaa. Nyingi hushuka hadi kwenye muundi na zina bawaba ya chuma au plastiki, na anayeteremka hukunja magoti karibu muda wote. Zivae, uchuchumae hapo hapo dukani, utembee kama bata. Zikikuchoma nyuma ya goti, zirudishe. Na hata iwe kinga gani, haitakuokoa mbele ya matatu: tafuta barabara ya ndani iliyofungwa kwa ruhusa, si ile ya kushukia Mai Mahiu yenye malori.

Mwanangu ana miaka 12 na hucheza skeiti pale Shangilia, Kangemi. Nimnunulie kubwa ili akue nazo? (Mama, Uthiru)

Mama, sare ya shule sawa, kinga hapana. Iliyolegea huzunguka wakati wa kuanguka na kuliacha goti wazi. Mpime kwa futi ya fundi cherehani, ulinganishe na jedwali la mtengenezaji, kisha apige magoti nawe uivute chini. Ikitoka pale pake, chukua ndogo zaidi.

Gikomba nimeona kinga za mitumba zinazoonekana nzima. Ninunue? (Eastleigh)

Ikunje plastiki kidogo kwenye mwanga. Ikiwa na mistari myeupe au nyufa ndogo, achana nayo. Jua na umri vimeshaifanya ikauke. Sponji inayomeguka unga ukiisugua, achana nayo pia. Velkro iliyochoka isikutishe, fundi ataishona nyingine. Kofia ngumu ya mitumba, kwa upande mwingine, sikushauri kamwe, maana pigo ililokwisha kula huwezi kuliona kwa nje.

Pesa zinatosha kitu kimoja tu kwa sasa. Magoti au viwiko? (Kawangware)

Kofia. Halafu glavu zenye kibao cha plastiki kiganjani, halafu magoti, viwiko mwisho. Najua hukuuliza hayo. Kuhusu magoti, fikiria mtelezo wa Coleman, namna ya kupunguza mwendo kwa kuitelezesha skeiti kiubavu, ule wa Cliff Coleman wa Berkeley, California, tangu miaka ya 1970: unachuchumaa, mkono wenye glavu unagusa lami, na goti la nyuma linakaribia sana barabara. Anayejifunza huligonga tena na tena. Kiwiko huumia zaidi ukianguka ubavu, tena kinga zake hupenda kuchomoka mkononi, kwa hiyo utakapofika huko chagua zenye soksi ya kuvaa na mikanda miwili, juu na chini ya kiwiko.

Zangu zinanuka hadi mama hataki ziingie nyumbani. Niziloweke kwenye Jik? (Umoja)

Usithubutu, itakula nyuzi na mpira wa mikanda. Funga velkro kwanza isinase nyuzi, zioshe kwa mkono na sabuni ya kawaida na maji baridi, uzikamue bila kuzisokota, uzianike kivulini penye upepo. Na ukitoka mlimani usiziache zimefungiwa begini mpaka wikendi ijayo.