Mtoto Akigoma Kwenda Shule, Mwone Mwalimu wa Darasa

Binti wa dada yangu alihamia kwangu Tabata, Dar es Salaam, akiwa kidato cha pili. Dada alikuwa ameshachoka. Jumapili jioni tumbo linaanza kumuuma binti, Jumatatu alfajiri anatapika, na ikifika saa nne, wenzake wakiwa darasani, anakunywa chai na chapati kama si yeye. Majirani wakamwita mtoro. Zahanati nazo kila moja na jina lake: taifodi, UTI, minyoo. Dawa alimeza zote, Jumatatu ikabaki palepale.

Kupima ni lazima, tusidanganyane. Mpime malaria, mpime damu, mpime na macho, maana asiyeona ubaoni naye huikwepa shule. Majibu yakitoka safi, usimwambie "huna kitu wewe." Tumbo linamuuma kweli. Hofu ina njia zake za kupita mwilini: kichefuchefu, moyo kwenda mbio, pumzi kukatika.

Mtoro wa kawaida anavaa sare, anaaga vizuri, anaishia kwenye vibanda vya gemu, na mzazi ndiye wa mwisho kujua. Huyu wetu hajifichi. Yupo kitandani, analia, na mara nyingi ni mwanafunzi mzuri tu. Ukimchapa unamwongezea hofu nyumbani juu ya ile ya shule. Ukimwambia "pumzika mpaka ujisikie" nako kuna mtego, na sisi wapole ndio tunaonaswa humo. Siku aliyobaki nyumbani anapata nafuu, na ile nafuu inamfundisha kwamba hatari iko shuleni. Kesho yake ni ngumu kuliko jana. Hapo notisi zimempita, na wenzake wanasubiri kumuuliza alikuwa wapi.

Usimuulize kwa nini hataki shule. Atasema "sijui," na kweli hajui. Muulize sehemu gani ya siku ndiyo mbaya. Mimi nilimuuliza usiku tukichambua mchele, kila mtu macho kwenye ungo wake, na majibu yalikuja yenyewe. Kituoni makonda wanawakwepa wanafunzi kwa sababu nauli yao ni ndogo, kwa hiyo anachelewa. Akichelewa, getini kuna mwalimu wa zamu na fimbo yake, na waliochelewa wanapigishwa magoti mbele ya paredi nzima. Nilidhani tatizo ni hesabu. Hesabu ilikuja mwishoni kabisa.

Hapohapo mdodose kama kuna anayemwonea, anayemshikashika au anayemtisha, awe mwanafunzi, mwalimu, dereva wa bodaboda au ndugu. Kama yupo, usimrudishe kwenye hatari kwa jina la kumzoesha. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure kupiga.

Baada ya hapo nenda kwa mwalimu wa darasa. Nenda mwenyewe, usipige simu, na ubebe barua ya daktari, kwa sababu utoro wa muda mrefu humfutisha mtoto kwenye rejista. (Aliyekwisha kukatiza masomo asikate tamaa, tangu 2021 serikali imeruhusu warudi.) Usiombe ahurumiwe, omba vitu vidogo vinavyowezekana hata kwenye darasa lililojaa. Sisi tuliomba aingie baada ya paredi kupitia ofisini, asiitwe ubaoni kwa muda, jirani yake wa dawati amwazime notisi, na awepo mwalimu mmoja wa kumkimbilia kifua kikimbana. Kuhusu viboko, kanuni ya 2002 inasema mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na visizidi vinne. Niliitaja kwa upole, kama mtu anayekumbushia. Ilitosha.

Tukaanza na vipindi viwili, kisha mpaka mapumziko, kisha siku nzima. Kuna siku tulirudi nyuma. Siku aliyobaki nyumbani hakukuwa na simu wala tamthilia wala kulala mpaka adhuhuri. Aliamka saa ileile, akafungua daftari, akasaidia kazi. Hiyo haikuwa adhabu, na nilimwambia hivyo.

Sonona, ule ugonjwa wa kukosa furaha na hamu ya mambo, ina sura nyingine, na kwa vijana inaweza kuja na hasira badala ya machozi. Wangu aliacha netiboli, akaacha kusuka nywele, usiku macho makavu, mchana usingizi. Hali kama hiyo ikipita wiki mbili, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uombe kitengo cha afya ya akili. Wengi bado wanaona aibu, wakidhani huko ni kwa vichaa, wakati Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Dada alikuwa anampeleka kwenye maombi, na maombi sikuyakataa. Nilichokataa ni watu kumwambia usoni kwamba ana pepo la kukataa shule.

Akisema "bora nife," au akianza kugawa vitu vyake, usimkemee na usingoje kesho. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakupandikizi wazo hilo kichwani mwake. Ondoa vidonge na sumu ya panya ndani, asiachwe peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Na jihadharini na likizo. Mwezi wa sita unaweza kufuta kazi yote mliyoifanya. Siku chache kabla ya kufungua, mrudishe kwenye saa za kulala za shule, apige pasi sare mapema, mpande daladala pamoja mpaka getini kisha mgeuze. Mwalimu wa darasa naye mkumbushe mliyokubaliana, kwa sababu muhula mpya unaweza kuja na mwalimu mwingine.